Mtu wa Meza ya Nne

12 Machi

Kwenu wanafunzi mnaosoma mwili wa mume wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, ingawa siku hizi nalisema hilo kwa mazoea tu.

Majina yenu siyajui na nimeambiwa nisiulize. Ofisi ya chuo wamesema nikiandika, barua itasomwa darasani, basi naandika. Simu siitaki. Simu ya mwisho niliyoikimbilia ilitoka hospitali, na tangu siku hiyo ikilia naiacha ilie mpaka ichoke.

Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu. Mtu mrefu, kichwa kigumu, mbishi hata kwa redio. Ile karatasi ya kuwapa ninyi mwili wake aliisaini bila kuniambia. Nimekuja kujua nikiwa kwenye korido, nimeshika shuka la kumfunika, nesi ananieleza taratibu huku ananitazama kwa huruma. Nilimwambia palepale, maiti yule: kweli wewe, hata kuniuliza?

Kaka yake anasema nimemuuza. Kila Jumamosi anakuja, anakaa, hanywi hata maji, anaondoka. Wajane wenzangu wana makaburi ya kupalilia. Mimi nina kiti chake na suruali mbili.

Siombi mengi. Mkiingia humo asubuhi, mnajua kwamba huyo ni mtu? Hilo tu.

Mke wa Fundi


3 Aprili

Shikamoo Mama,

Pole sana na msiba. Mwalimu alitusomea barua yako kwa sauti. Mwalimu akauliza nani atajibu. Kila mtu akaanza kukagua viatu vyake, ndipo nikanyoosha mkono.

Tumekatazwa kusema nani ni nani. Miili tunapewa kwa namba, uso umefunikwa kitambaa, majina yanakaa ofisini. Niliambiwa nikujibu kwa jumla, kwamba tunawaheshimu wote. Hiyo ya jumla nimeiandika, nikaisoma, nikaichana. Ningekuwa wewe ningeitupa jalalani.

Meza yetu ni ya nne. Aliyelala pale ni mzee mrefu, visigino vyake vinapita ukingo wa meza. Kwenye kiganja cha kulia ana alama za zamani za kuungua, ndogondogo. Barua yako iliposema fundi, nikajiambia hiyo ni lehemu, ni yeye. Sijamuuliza mtu, na wewe tafadhali usiseme kwamba nimekwambia.

Sisi tunamwita Mzee. Mimi humwamkia kabla ya kuvaa glavu. Mwanzoni wenzangu wanne walinicheka, sasa wananisubiri nimalize ndipo waanze.

Wiki hii tumesoma mkono. Misuli inayokunja vidole haipo kwenye vidole, ipo huku juu karibu na kiwiko, halafu inashuka kwa kamba nyeupe ziitwazo kano. Nilivuta kano moja polepole, kidole chake cha shahada kikajikunja kama ananiita. Mama, niliruka nikamkanyaga mwenzangu! Tulicheka, kisha tukaona aibu, kisha tukaendelea.

Harufu ya dawa haitoki hata uoge vipi, kwa hiyo bwaloni nakula mezani peke yangu. Barua yako ndiyo ya kwanza kunifikia tangu nije chuoni, hata kama hukuniandikia mimi. Nimelelewa na mjomba, na mjomba hupiga simu kuuliza matokeo tu.

Mwanafunzi wa meza ya nne


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba mara mbili, ya kwangu na ya Mzee.

Nimelia na nimecheka, mpaka mwenzangu kazini akaniuliza kama pasi imenichoma. Mimi napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na barua yako niliisomea palepale nimesimama. Kukuita kwa kidole! Huyo ndiye. Mimi nilikuwa naitwa hivyohivyo, amelala chini ya jokofu la watu, kinachoonekana ni mkono tu, kidole kinaniita nilete bisibisi. Na lehemu ilimchoma viganja vyote, hakutaka kuvaa glavu, anasema glavu ni za wapishi.

Nyumbani bado kuna majokofu matatu ambayo wenyewe hawajaja kuyachukua. Moja naweka nguo. Jioni nikirudi huwa nayaambia nimerudi. Usimwambie mtu hilo.

Sasa nisikilize. Nimekaa na mtu huyu tangu nikiwa msichana na ya ndani mwake sikuwahi kuyaona. Wewe unayaona. Nieleze kimoja kimoja, usinifiche kwa kunihurumia, ila tumia Kiswahili cha watu, siyo kile cha vitabuni. Nataka nijue nilikuwa naishi na nini.

Nimefurahi kwamba unamwamkia. Nimelala usingizi wa kweli.

Mama yako wa barua,
Mke wa Fundi


28 Mei

Shikamoo Mama,

Nimechelewa kwa sababu ya majaribio, nisamehe. Sasa nakueleza kama ulivyotaka.

Kifua tulikifungua kwa msumeno mdogo. Sikulala vizuri siku ile, nakwambia ukweli. Mapafu si mawili yanayofanana kama nilivyodhani: la kulia lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili tu, limebanwa kuupisha moyo. Ya Mzee yana madoa meusi, mwalimu anasema ni vumbi na moshi wa maisha. Moyo wa mtu huwa kama ngumi yake. Wa Mzee ni mkubwa zaidi, na ukuta wake wa kushoto ni mnene, kwa sababu upande huo ndio unaosukuma damu mwili mzima, na presha ikiwa juu unatunisha misuli kwa kazi. Niliubeba kwa mikono miwili. Ni mzito, Mama.

Tumboni sasa. Ini liko kulia chini ya mbavu, pana, na mfuko wa nyongo umejificha chini yake, umekipaka rangi ya kijani kila ulichogusa. Utumbo mwembamba tuliukunjua kwa mikono, tukapokezana, ukazunguka meza nzima na kubaki. Na pale unapoingia kwenye utumbo mpana ndipo tulipokipata kidole tumbo. Meza nyingine walikuwa wanakitafuta mpaka jasho, kimejificha nyuma. Cha Mzee kimekaa wazi, chembamba, kizuri, mwalimu akaita darasa zima kuja kukiona. Nilijisikia fahari kama mwenye nyumba. Mwalimu alisema hili ni tumbo ambalo halijawahi kuguswa na kisu, halina kovu hata moja.

Mzee alijitunza. Au wewe ulimtunza.

Mwanao wa meza ya nne


9 Juni

Mdogo wangu,

Siyo yeye.

Nimekwambia habari za kijana wa chuo anayeniandikia. Amenieleza tumbo la mzee wake, na ndani yake kuna kidole tumbo kizima, na nje hakuna kovu. Shemeji yako alitolewa kidole tumbo mwaka uleule tuliooana, unakumbuka? Wewe ndiye uliyebeba chupa ya chai tukienda kumtazama wodini, ukaimwaga kwenye ngazi. Kovu lake ni refu kama kidole changu, upande wa kulia, daktari wa siku hizo alishona kama anashona gunia. Nimelala kando ya kovu hilo maisha yangu yote ya ndoa, siwezi kulikosea.

Kumbe nimemlilia mtu nisiyemjua. Moyo mkubwa niliouonea huruma ni wa mume wa mtu. Hata kile kidole!

Na sasa nikwambie baya zaidi. Sitamwambia kijana. Alivunja kanuni kwa ajili yangu, nikisema atafukuzwa. Hiyo ni sababu ya mdomoni. Sababu yenyewe ni kwamba nikimwambia ataacha kuniandikia, na mlango wangu hauna kingine kinachopita chini yake ila bili ya maji. Niache kidogo, usinihukumu.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Sikuhukumu, ila nakusema. Wewe ni mtu wa kurudia shuka zima kwa kunjo moja la pembeni ambalo hakuna mgeni atakayeliona, halafu hili ulipite? Huwezi. Utajaribu, utaugua.

Huyo mzee wa watu naye ana wake huko aliko. Au hana, na hilo ni baya zaidi. Mwambie kijana kabla mambo hayajafika mbali.

Halafu eti mlango hauna kinachopita ila bili. Mimi je? Nina mikono. Sikuandikii kwa sababu kila nikikuandikia unajibu "niko salama" na nukta. Barua yako hii ndiyo ya kwanza umeniambia kitu tangu msiba. Chupa ya chai uliimwaga wewe, siyo mimi.

Mdogo wako


20 Juni

Mwanangu,

Barua imefika, ahsante. Umeeleza vizuri, hata mimi nisiyesoma sayansi nimeona kila kitu mahali pake.

Hapa ni salama. Jokofu moja limechukuliwa na mwenyewe, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Shemeji, yule kaka yake, bado anakuja Jumamosi. Safari hii alikunywa maji.

Unakula vizuri? Hao wenzako wanaokukimbia bwaloni, waambie wao wenyewe wamebeba matumbo yaleyale, waache maringo.

Mzee wako anaendeleaje? Niambie na figo.

Mama yako wa barua


14 Agosti

Shikamoo Mama,

Nimefaulu! Mtihani wa kwanza nimekuwa wa tatu darasani. Mjomba amesema "sawa". Nimeona nikwambie wewe ili angalau mtu mmoja apige kigelegele.

Figo ni mbili, zimekaa nyuma, karibu na mgongo, zimezungukwa na mafuta kama vitu vya thamani vilivyofungwa vizuri. Damu yote ya mtu inapita humo siku nzima, inachujwa, inarudishwa. Figo ya kulia hukaa chini kidogo kwa sababu ini limeikalia. Za Mzee ni ndogo kuliko za kitabuni. Presha tena.

Lakini nina habari kubwa kuliko figo. Mwaka wa masomo unakwisha. Kwa kawaida chuo huwazika wote pamoja, ila familia ikitaka inaweza kukabidhiwa mtu wake ikamzike kwao. Mama, sikuweza kukaa kimya. Nimekwenda kwa msimamizi wa maabara nikamwambia mtu wa meza ya nne ana mke na mke anamtaka. Alinikunjia uso, kisha, bila kufungua daftari la majina, akasema mke aandike barua ya maombi, yeye atapitisha. Ni Septemba mwishoni. Darasa letu zima tutasimama mstari wakati unampokea, tumekubaliana.

Utakuwa na kaburi lako, Mama. Na shemeji atanyamaza. Niandikie haraka.

Mwanao


22 Agosti

Mwanangu,

Hiki ni kigelegele: umeweza! Kiko hapo, kisikie. Sasa kaa chini.

Yule siye mume wangu. Mume wangu alitolewa kidole tumbo akiwa kijana na kovu lake nalijua. Nimelijua jambo hili tangu barua yako ya Mei, nikanyamaza kwa sababu nilitaka barua nyingine. Na nyingine. Wewe hukunidanganya, ulikisia, na mimi niliyependa kukisia kwako ndiye niliyekuacha uende mpaka ofisini.

Barua ya maombi nilishaiandika. Ilikaa mezani juu ya kitambaa chake, nikaizunguka nikifagia. Shemeji amekwishachagua mahali, amefyeka, amepima kwa hatua. Mara ya kwanza tangu msiba aliniita kwa jina langu la nyumbani. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Nani angefukua kuangalia kovu?

Nikawaza mwanamke fulani, sijui wapi, naye ana kiti na suruali. Nikimlaza mume wake pale kwetu, nitakuwa nampalilia mimi na yeye hana. Barua ile nikaichana.

Rudi kwa msimamizi umwambie mke amekosea. Nitupie mimi lawama zote, mimi hawawezi kunifukuza shule.

Halafu, mwanangu, nisaidie jambo moja. Huko meza ya nne kuna anayeamkiwa. Wangu yuko wapi? Nani yuko naye?

Mke wa Fundi


30 Septemba

Shikamoo Mama,

Utakuwa ulidhani nimeacha kuandika.

Nilimweleza mwalimu kila kitu. Alinifokea mpaka koo likamkauka, akanisimamisha maabara, akanirudisha. Kisha mhudumu wa maabara, mama mmoja asiyeongea na sisi kabisa, alichukua tarehe ya msiba wako kutoka ofisini na kufungua daftari lake. Alirudi akaniambia kwa ufupi.

Mume wako hayupo kwenye meza yoyote. Hajaguswa. Miili haitumiki mwaka uleule inapofika, kwanza hutiwa dawa na kusubiri. Yuko chumba cha baridi mpaka darasa jipya litakapoanza Januari.

Maana yake ni hii, na nimeagizwa na mwalimu nikueleze wazi: kwa kuwa kazi haijaanza, wewe kama mke unaweza kuifuta ile karatasi. Saini yako moja tu. Utamchukua mzima, Mama, na uso wake, ukamzike pale shemeji alipofyeka.

Sitaki kukushauri. Naona aibu kwamba nilikueleza yote, msumeno na utumbo kuzunguka meza, nikidhani yamekwishapita na hayamuumizi mtu. Sasa unajua hasa kinachomngoja. Ningejua, ningekuandikia ile barua ya jumla.

Mzee wa meza ya nne hana mtu. Mhudumu aliangalia, alikufa wodini peke yake na hakuna aliyekuja. Hakuna mwanamke mwenye kiti. Tutamzika sisi wenyewe katikati ya mwezi ujao. Nimefanya kazi ndani ya moyo wake mwaka mzima na sikujua hilo.

Nilitaka sana awe wako. Nilitaka awe wako ili uendelee kuniandikia. Huo ndio ukweli wangu mimi.

Mwanao, kama bado


11 Oktoba

Mwanangu, na usiniulize tena "kama bado",

Nimekuja chuoni kwenu Jumanne. Wewe ulikuwa kwenye mtihani, nikakataa wasikuite.

Nilikuja na shemeji. Sanduku la kuzikia tulikuwa tumeshalinunua, gari lilikuwa linatusubiri nje. Yule mama wa maabara alitufungulia, akatoa kitambaa usoni, akasogea ukutani akatuachia nafasi. Ni yeye. Amekunja mdomo vilevile alivyokuwa akiukunja nikimwambia chai inatosha. Nilisema, umeshinda maisha yako kwenye majokofu ya watu, na sasa wamekutia ndani ya moja. Shemeji alishtuka nikicheka, kisha akamshika kaka yake kichwa akalia kwa sauti, na mimi nikalia kwa sababu yake.

Msimamizi akaniwekea karatasi ya kufuta na kalamu. Shemeji akasema, saini twende.

Mwanangu, mwaka huu wote nilikuwa na hasira na maiti. Alinipita. Aliamua peke yake, akaniacha nisimame koridoni kama jirani. Najua kwa nini: alijua nikiulizwa nitakataa. Na kweli ningekataa. Lakini Jumanne niliulizwa. Nilikuwa na kalamu mkononi na najua kila kitu, msumeno naujua, moyo unaobebwa kwa mikono miwili naujua, najua na kijana anayeona fahari juu ya tumbo la mtu asiye na mtu. Nikamtazama mume wangu nikaona jibu safari hii ni langu.

Nimemwacha. Nimemtoa mimi.

Shemeji amerudisha sanduku dukani, na Jumamosi hakuja. Nadhani hatakuja tena, na sikujua kwamba hata yeye kwenye kiti kile nilikuwa nimeshamzoea. Nyumba imenyamaza. Mdogo wangu ameniandikia kurasa sita za kunitukana kwa mapenzi, nazisoma polepole zisiishe.

Siku ya kumzika Mzee wako nitakuja. Nitasimama pale anaposimama mke, na mtu asiniulize.

Mwalimu ameniambia mwaka wa pili mnaruhusiwa kuwasaidia wapya. Januari nenda ukamtafute. Usimwambie yeyote jina lake, kanuni ni kanuni. Ila hao watakaompata waambie kitu kimoja, na wasikuulize umejuaje. Wakifika kwenye nyayo waende taratibu. Alikuwa hawezi kabisa kuguswa nyayo huyo, ukimgusa tu anacheka mpaka machozi.

Mke wa Fundi